Faili moja, milango mingi: kupanga mafaili ya ofisi kwa njia za mkato

Fungua kompyuta ya ofisi ndogo yoyote, iwe ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi, ya shule ya sekondari Mafinga au ya steshenari pale Mwanjelwa. Mara nyingi desktopu imejaa hadi picha ya nyuma haionekani, na humo utakuta "Malipo wakulima", "Malipo wakulima mpya", "Malipo wakulima mpya (2)" na "Malipo MWISHO KABISA". Leo karani anajua lipi ni la kweli. Wiki mbili zikipita, hajui tena.

Huo si uvivu. Faili lilihitajika sehemu tatu: kwenye folda ya msimu, kwenye folda ya mkutano, na hapo desktopu kwa kuwa linafunguliwa kila siku. Karani akalikopi mara tatu, na tangu siku hiyo anahudumia mafaili matatu yanayorekebishwa kila moja kivyake. Dawa yake ni njia ya mkato, au shotikati kama inavyoitwa mtaani: faili linakaa mahali pamoja tu, kisha unaliwekea mlango kila unapolihitaji.

Maelezo haya yanafuata Windows 10 na 11. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyosomeka kwenye kioo.

Mlango na nyumba

Njia ya mkato ni kifaili kidogo, kwa kawaida cha KB 1 hadi 4, chenye anwani ya faili au folda halisi ndani yake. Utaitambua kwa mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto ya picha yake. Jina lake huishia na .lnk, ingawa Windows haionyeshi herufi hizo hata ukiiamuru ionyeshe viishio vya majina ya mafaili yote. Ukiibofya mara mbili, Windows inasoma anwani, inakwenda huko na kufungua kitu chenyewe. Ukirekebisha na kuhifadhi, umerekebisha faili halisi, na atakayeingia kwa mlango mwingine atakuta marekebisho yaleyale.

Ukifuta njia ya mkato, faili halisi halijaguswa. Ukibadilisha jina lake, anwani ya ndani haibadiliki, kwa hiyo iite utakavyo. Lakini ukiingia kwenye folda kupitia njia ya mkato, kisha ukafuta faili ulilolikuta humo, umelifuta lenyewe! Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu ukishapita mlangoni hakuna alama tena ya kukukumbusha kwamba uko ndani ya nyumba.

Jambo jingine: ukiburuta faili na kuliachia juu ya njia ya mkato ya folda, linaingia kwenye folda ile. Kama folda ipo diski hiyohiyo, faili linahama. Kama ipo diski nyingine, mfano flashi, linakopiwa na la mwanzo linabaki.

Jenga nyumba kwanza

Milango haisaidii kama nyumba haipo. Chagua sehemu moja ya mafaili yote halisi. Kama diski ya kompyuta imegawanywa na ina D, weka huko folda inayoitwa OFISI. Sababu ni ya kimtaa kabisa: fundi akipiga Windows upya, anachofuta kwa kawaida ni C, na desktopu pamoja na "Documents" vyote viko C. Kama una C peke yake, weka C:\OFISI na umwambie fundi mapema. Tahadhari: C na D mara nyingi ni vipande vya diski moja. Diski ikifa, vinakufa vyote.

Ndani ya OFISI gawa kwa aina ya kazi. Mfano wa AMCOS:

D:\OFISI\01-Wanachama
D:\OFISI\02-Malipo\2024-25
D:\OFISI\02-Malipo\2025-26
D:\OFISI\03-Barua
D:\OFISI\04-Hesabu
D:\OFISI\05-Mikutano
D:\OFISI\MEZANI

Ona kwamba msimu umeandikwa 2025-26. Ukijaribu kuandika 2025/26 Windows itakataa, kwa kuwa alama \ / : * ? " < > | haziruhusiwi kwenye majina ya mafaili na folda. Barua za serikali nazo zina kumbukumbu namba zilizojaa mikwaju; kwenye jina la faili geuza kila mkwaju uwe kistari.

Miezi ipe namba: 01-Januari, 02-Februari. Bila namba, kompyuta inaipanga kialfabeti, na mwaka wako utaanza na Agosti, ufuate Aprili, kisha Desemba. Tarehe andika mwaka kwanza, 2026-03-14, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano.

Usichimbe folda ndani ya folda ndani ya folda. Programu nyingi za Windows bado zinakwama anwani nzima ikifika herufi 260, na majina marefu ya Kiswahili yanafika huko upesi. Ngazi tatu au nne zinatosha. Ndani ya folda hizi zenye namba usiweke njia za mkato hata moja. Mahali pake ni MEZANI (folda ya kukusanyia milango, tutaifikia mbele), desktopu na pembeni mwa dirisha.

Kutengeneza njia ya mkato

Kuna namna nne zinazofaa.

1. Kuituma desktopu. Bofya kulia faili au folda, chagua "Send to", kisha "Desktop (create shortcut)". Kwenye Windows 11 "Send to" imefichwa chini ya "Show more options". Shika Shift huku ukibofya kulia na menyu ndefu itafunguka moja kwa moja.

2. Kuburuta kwa kitufe cha kulia. Fungua madirisha mawili, la nyumba na la mahali unapotaka mlango. Buruta faili kwa kitufe cha KULIA cha kipanya, liachie upande wa pili, kisha chagua "Create shortcuts here". Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu kompyuta inakuuliza kwanza. Ukijuta katikati ya safari, chagua "Cancel".

3. Kuburuta kwa kitufe cha kushoto huku umeshika Alt. Achia kipanya kwanza, Alt baadaye. Ukitangulia kuachia Alt, faili litahama au kukopiwa badala ya kuwekewa mlango, nawe hutagundua mpaka siku ya kulitafuta.

4. Kukopi na kubandika. Ctrl+C kwenye faili, nenda unakotaka, bofya kulia mahali patupu, chagua "Paste shortcut". Inafaa kwa laptopu yenye kioo kidogo kisichotosha madirisha mawili. Kwenye Windows 11 nayo iko chini ya "Show more options".

Windows itaongeza neno "Shortcut" mwishoni mwa jina. Bonyeza F2 ulifute. Mshale unatosha kuwa alama.

Sasa bonyeza Alt+Enter juu ya njia hiyo ya mkato kufungua "Properties". Sehemu ya "Target" inaonyesha anwani halisi. Kwenye "Comment" unaweza kuandika maelezo, kwa mfano "Karani ndiye anayerekebisha, wengine kusoma tu", na yatatokea mtu akisimamisha kishale cha kipanya juu ya picha. Kwenye "Shortcut key" bonyeza herufi moja, tuseme W, na Windows itaandika Ctrl+Alt+W. Kuanzia hapo vitufe hivyo vitatu vinafungua folda ya Wanachama hata ukiwa ndani ya programu nyingine. Masharti ni mawili: njia ya mkato lazima iwe desktopu au kwenye menyu ya Start, la sivyo vitufe havifanyi kazi, na usichukue herufi ambayo programu yako inaitumia. Word, kwa mfano, hutumia Ctrl+Alt+M kuweka maoni na Ctrl+Alt+1 kwa kichwa cha habari. Wape vitufe mafaili matatu au manne tu, kwa sababu zaidi ya hapo hakuna anayevikumbuka.

Folda ya MEZANI

Matumizi ya maana kuliko yote ni kukusanya karatasi za shughuli moja bila kuzihamisha kutoka zinakokaa. Chukua mkutano mkuu wa ushirika. Unahitaji muhtasari wa mkutano uliopita, ambao uko 05-Mikutano. Taarifa ya mapato na matumizi pamoja na makisio, ziko 04-Hesabu. Orodha ya wanachama, iko 01-Wanachama. Na barua ya mwaliko, iko 03-Barua. Watu wengi huvikopi vyote kwenye folda mpya. Siku mbili kabla ya mkutano mhasibu anarekebisha makisio kwenye folda ya hesabu, ila kinachoprintiwa ni nakala ya zamani. Wajumbe wanakuwa na karatasi moja mkononi na mhasibu anasoma nyingine.

Badala yake fanya hivi:

1. Ndani ya MEZANI tengeneza folda "Mkutano Mkuu 2026". Ctrl+Shift+N inatengeneza folda papo hapo.

2. Fungua dirisha la pili kwa Windows+E, uende kwenye kila folda halisi na kuburuta mafaili kwa kitufe cha kulia, moja baada ya jingine, ukichagua "Create shortcuts here".

3. Kwa F2 zipe njia hizo za mkato namba kwa mfuatano wa ajenda: 1 Muhtasari, 2 Mapato na matumizi, 3 Makisio. Majina ya mafaili halisi hayataguswa.

4. Kila mtu afungue na kurekebisha kupitia hapo. Mabadiliko yataingia nyumbani.

5. Mkutano ukiisha, futa folda yote. Lakini kabla ya kufuta, iweke kwenye mwonekano wa "Details" na ubofye safu ya "Type". Kila mstari uwe "Shortcut". Kisichokuwa hivyo ni faili halisi ambalo mtu alilihifadhi hapo kwa haraka. Lirudishe nyumbani kwanza.

Njia ya mkato haigandishi kitu: karatasi zilizogawiwa siku ya mkutano lazima zibaki kama zilivyokuwa siku hiyo, hata makisio yakibadilika mwezi ujao. Kwa hizo, nakala ni halali. Hifadhi kila moja kuwa PDF yenye tarehe kwenye jina, ndani ya 05-Mikutano.

Utaratibu huohuo unamfaa mwalimu wa taaluma wakati wa mitihani na mwanachuo anayeandika tasnifu. Kwa mwenye steshenari kuna mtego wa ziada. Anaweka desktopu mlango wa faili la mkataba wa pango au la CV ili alifungue haraka mteja akifika, anajaza jina la mteja, anabonyeza Ctrl+S, na tangu hapo kila mteja anapewa mkataba wenye jina la wa kwanza. Hifadhi faili la mfano kwa aina ya "Word Template", linaloishia na .dotx. Mlango wake ukibofywa mara mbili, Word inafungua hati mpya isiyo na jina, na mfano unabaki salama.

Pembeni na vitufe vya kila siku

Folda unazoingia mara kwa mara zibofye kulia na uchague "Pin to Quick access"; zitakaa upande wa kushoto wa kila dirisha la mafaili, hata lile linalotokea unapohifadhi kutoka Word au Excel. Tano au sita zinatosha. Huu nao ni mlango, si nyumba.

Ukiwa unapanga, Ctrl+X na Ctrl+V zinahamisha faili, Alt na mshale wa juu vinakupandisha folda moja, Alt na mshale wa kushoto vinakurudisha ulikotoka, Windows+D inafichua desktopu. F2 inabadilisha jina, na ukibonyeza Tab badala ya Enter unarukia jina la faili linalofuata. Hiyo inaokoa muda sana ukiwa na picha 60 za kutaja majina. Ukikosea, Ctrl+Z inarudisha uhamishaji na ubadilishaji wa jina. Jihadhari na Shift+Delete, maana haipitishi faili kwenye pipa la taka.

Yanayoharibika na sababu zake

*Umebeba mlango badala ya nyumba.* Hili ndilo kosa maarufu kuliko yote kwenye steshenari za Mbeya na Iringa. Mtu anakopi barua kutoka desktopu kwenda kwenye flashi, anapanda gari Tukuyu hadi mjini kuprinti, na huko faili halifunguki. Alichobeba ni mshale wa KB 2 unaoelekeza kwenye kompyuta aliyoiacha nyumbani. Kabla ya kuchomoa flashi, ifungue na uangalie safu ya "Type" na ya "Size". Ukiona "Shortcut", rudi desktopu, ibofye kulia, chagua "Open file location", na ukopi faili utakalolikuta hapo. Ukishapachika kitu kwenye barua pepe, angalia ukubwa wake vilevile.

*Ukasema una nakala ya akiba.* Anayekopi desktopu yake kwenda diski ya nje kila Ijumaa anaweza kuwa anakopi mishale mitupu. Kinachokopiwa ni folda ya OFISI, yote.

*Faili halisi limehamishwa.* Kwenye diski ya ndani, Windows mara nyingi hulifuatilia faili lililohamishwa na kurekebisha anwani yenyewe. Ikishindwa inakuambia kitu kimebadilishwa au kuhamishwa, na inauliza kama uifute njia hiyo ya mkato. Usikubali haraka. Bonyeza "No", tafuta faili kwa jina, kisha tengeneza mlango mpya. Kama lipo kwenye pipa la taka, lirudishe na mlango wa zamani utafanya kazi tena.

*Herufi ya flashi imebadilika.* Njia ya mkato iliyotengenezwa flashi ikiwa E haifunguki siku ambayo flashi nyingine imetangulia kuchomekwa na yako ikapewa F. Kwa diski ya nje unayoitumia kila siku, bofya kulia kitufe cha Start, chagua "Disk Management", bofya kulia diski hiyo, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha uipe herufi ya mbali kama T. Angalia ukubwa wake kwanza ili usibadilishe ya diski nyingine. Na kumbuka kwamba kinachofutwa kwenye flashi hakipiti pipa la taka.

*Flashi nzima imegeuka mishale.* Hiki ni kirusi. Kinaficha mafaili yako na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, au moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Ukibofya, kinakufungulia folda yako kama kawaida huku kikijipandikiza kwenye kompyuta, ndiyo maana watu hawashtuki. Usibofye mara mbili. Chagua mmojawapo, bonyeza Alt+Enter, usome "Target": mlango halali wa faili unaonyesha anwani ya faili lako, wa kirusi unaanza na kitu kama cmd.exe, wscript.exe, rundll32.exe au powershell.exe.

Mafaili kwa kawaida bado yapo. Andika cmd kwenye menyu ya Start, bonyeza Enter, kisha andika mstari huu, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri umalize, fungua flashi upya. Folda zilizofichwa zitaonekana, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Kopi hati na picha peke yake. Mafaili yanayoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe yaache. Kagua kompyuta kwa "Full scan" ya Windows Security, kisha fomati flashi. Mpangilio huu una maana: ukifomati flashi na kuirudisha kwenye kompyuta isiyosafishwa, itaugua tena dakika hiyohiyo. Na kama kompyuta ni ya Windows 10, huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo tegemeo la kukingwa na masasisho limepungua. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilitumia kasoro ya mafaili ya .lnk ambayo haikuhitaji hata kubofya, picha kuonekana tu kulitosha. Microsoft ilitoa kiraka chake Agosti mwaka huo.

*Kompyuta mpya.* Njia za mkato zilizokopiwa kutoka kompyuta ya zamani nyingi hazitafunguka, kwa kuwa anwani za desktopu na "Documents" zina jina la mtumiaji ndani yake, mfano C:\Users\karani, na kwenye mashine mpya jina hilo huenda ni jingine. Hamisha OFISI iende kwenye herufi ileile ya diski iliyokuwa zamani, na milango inayoelekea huko itafunguka bila kuguswa. Iliyobaki ifute uitengeneze upya. Kwa ofisi yenye milango 20, hiyo ni kazi ya robo saa.